Watoto wa awali wanafaulu kwenye kishikwambi lakini kwenye karatasi hawasomi: kosa liko wapi?

Mtengenezaji_Newala aliandika:

Habari zenu wanajukwaa, na wakubwa zangu shikamooni.

Mimi ni kijana wa Newala, kazi yangu ni kutengeneza programu za simu, na kwa miezi kadhaa sasa nimekuwa nikiandaa programu ya kuwafundisha watoto wa darasa la awali sauti za herufi na silabi za mwanzo za Kiswahili. Haihitaji intaneti, kwa sababu katika shule ninayofanya nayo kazi mtandao unapatikana ukisimama chini ya mwembe ulio kando ya barabara, na chaji tunategemea sola ya mwalimu mkuu. Vishikwambi viko sita: viwili ni vya walimu, katika vile vilivyogawiwa baada ya Sensa ya 2022, na vinne nilivinunua vikiwa vimeshatumika. Watoto wako 34.

Mchezo wenyewe ni mwepesi. Sauti inatamka silabi, tuseme "ma", na mtoto anaonyeshwa kadi tatu, kila silabi ikiwa na rangi yake ili ipendeze. Akigusa iliyo sahihi, ngoma inalia na nyota inaongezeka. Akikosea, mbuzi analia, kadi ile inatoweka, na mtoto anajaribu tena katika zilizobaki. Akimaliza maswali kumi anapanda ngazi. Nilianza na irabu, kisha silabi za m, n, b, k, t na l.

Baada ya wiki nane kumbukumbu za programu zilionyesha kwamba karibu darasa zima limefika ngazi ya mwisho, na mwalimu mkuu alifurahi kiasi cha kutaka kumwalika Afisa Elimu Kata aje ajionee. Kabla ya siku hiyo niliona nijiridhishe. Nikaandika silabi zilezile kwa kalamu nyeusi kwenye vipande vya manila nyeupe, nikawaita watoto barazani mmoja mmoja. Walioweza kusoma zaidi ya nusu ya kadi hawakufika kumi. Mmoja wao, ambaye kwenye kishikwambi ndiye anayeongoza kwa nyota, nilimpa kadi ya "ma". Akaitazama kwa muda, akaigeuza akaangalia nyuma, kisha akanirudishia bila kusema neno.

Ninaomba mnisaidie kuelewa. Je, kosa liko kwenye programu, au kwenye namna nilivyowapima, kwamba labda waliniogopa? Na kama ninataka kuifanyia utafiti wa kueleweka, ili nisiwapelekee watoto wa watu kitu kisichowafaa, nianzie wapi? Nawasilisha.

MamaAwali_Nachingwea alijibu:

Marahaba mwanangu. Nimefundisha darasa la awali huku Nachingwea kwa muda mrefu, na swali lako nimelisoma mara mbili. Nusu ya jibu umeiandika mwenyewe. Mtoto aliyegeuza kadi alikuwa anatafuta rangi. Kwako wewe "ma" ni herufi mbili zilizopakwa rangi nyekundu, lakini kwake "ma" ni ule wekundu, na zile herufi ni mapambo yaliyo juu yake. Ulipompa kadi nyeupe ulikuwa umemwondolea kitu pekee alichokuwa amejifunza kukitambua, ndiyo maana akadhani huenda kiko upande wa pili. Mtoto huyo ana akili nzuri, wala hakukuogopa.

Jambo la pili ni huyo mbuzi. Kaa nyuma yao siku moja uwasikilize. Mimi niliwahi kuletewa mchezo wa namna hiyo, kosa likiwa na mlio wa kuchekesha, na ndani ya siku mbili darasa zima lilikuwa linakosea makusudi, tena wakiitana waje wasikie. Mtoto wa miaka mitano hafuati nyota, anafuata kicheko. Akikosea, programu inyamaze kidogo, kisha itamke tena silabi ileile polepole. Ngoma ibaki kwa aliyepata.

Jambo la tatu ni hesabu yako ya vishikwambi. Watoto 34 kwa vishikwambi sita maana yake ni watoto watano au sita kwenye kioo kimoja, na katika kila kundi la watoto sita hutokea mmoja ambaye ndiye mwenye kidole. Wengine wanamwelekeza, wanamsukuma mkono, au wanatazama mawingu. Kumbukumbu inaandikwa kwa jina la aliyefunguliwa mchezo, ilhali aliyegusa ni mwingine. Wapange wawili wawili, wasiozidi hapo, dakika kumi na tano kila jozi, na wenzao wawe kwenye kona nyingine wakihesabu vizibo au wakifinyanga udongo. Nina hakika utaona majina yatakayokushangaza.

Na picha ziangalie pia. Programu nyingi zinazotufikia zinafundisha z kwa zabibu na t kwa treni. Zabibu watoto wa huku hawazijui, na reli ya Mtwara na Nachingwea iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960, kwa hiyo hata wazazi wao hawakuiona treni hapa. Mtoto anapolazimika kwanza kujifunza kitu kilichochorwa, kisha jina lake, kisha sauti inayoanza jina hilo, umempa kazi tatu kwa mpigo. Tumia bibo, korosho, kuku, taa, ndoo, kopa la muhogo lililoanikwa juani. Vitu hivyo anavyo mdomoni tayari.

Mtafiti_Mikindani alijibu:

Ninakubaliana na Mama Mwalimu katika yote, na ningependa kuongeza upande wa upimaji, kwa kuwa ndiko tatizo lako lilikojificha kwa wiki nane bila wewe kuliona.

Kwa mpango ulioueleza, hakuna mtoto anayeweza kushindwa. Kadi ni tatu. Anayegusa bila kusikiliza chochote anapata kwa bahati mara moja kati ya tatu, na akikosa, kadi inaondolewa, hivyo katika mguso wa tatu hakuna kingine cha kugusa isipokuwa jibu. Atapanda ngazi zote. Kumbukumbu zako zilikuwa zinahesabu uvumilivu, na watoto wako wanao. Badilisha kanuni: kihesabiwe kile alichogusa kwanza peke yake, na apande ngazi akipata mara tano mfululizo kwa mguso wa kwanza. Uwezekano wa kubahatisha mara tano mfululizo katika kadi tatu ni 1 kati ya 243. Hata hivyo, anayecheza kwa muda mrefu ataipata bahati hiyo siku moja, kwa hiyo mrudishie maswali hayohayo kesho yake asubuhi kabla ya kumpandisha.

Kisha ongeza kwenye kumbukumbu mambo mawili yasiyogharimu chochote: kadi iliyoguswa ilikuwa upande gani wa kioo, na muda uliopita kati ya sauti kumalizika na kidole kugusa. Utagundua kwamba wapo wanaogusa kabla sauti haijaisha. Hao hawasikilizi, wanatazama. Wapo pia watakaogusa kadi ya katikati daima, kwa kuwa ndiyo iliyo karibu na kidole, na wapo ambao kiganja chao kimelala kwenye ukingo wa kioo kikigusa kadi bila wao kujua. Kuburuta picha kwa kidole ni kugumu zaidi kuliko kugusa kwa watoto wa umri huu. Kama kuna ngazi yenye kuburuta, usihesabu kushindwa kwake kuwa ni kushindwa kusoma.

Kuhusu utafiti wenyewe. Kipimo cha mwisho lazima kiwe nje ya programu, kama ulivyofanya barazani kwa manila, na wewe ulifanya jambo sahihi kabla hata ya kuuliza. Katika shindano la Global Learning XPRIZE, la programu za vishikwambi za kuwafundisha watoto kusoma, lililojaribiwa katika vijiji vya mkoa wa Tanga kwa muda wa miezi 15, watoto walipimwa ana kwa ana kabla na baada, kwa upimaji usiotegemea programu zilizoshindanishwa. Programu mbili, Kitkit School na ile ya onebillion, ziligawana zawadi kuu ya dola milioni 10 mwezi Mei 2019. Programu zote tano zilizofika fainali zimewekwa wazi pamoja na msimbo wake, yaani maandishi yanayoziendesha, na zina matoleo ya Kiswahili. Zipakue uone wenzako walivyotatua mambo ambayo wewe unayaanza leo. Mimi nilijifunza mengi kwa kuangalia jinsi zinavyomfundisha mtoto kugusa kioo kabla ya kumfundisha chochote kingine.

Halafu kuna suala la ulinganisho. Watoto hawa wana mwalimu, na mwalimu anafundisha. Baada ya wiki nane wangejua kitu hata vishikwambi vingebaki kabatini. Ukiwa na darasa moja tu huwezi kuwanyima nusu ya watoto, na ukiwanyima watachungulia kwa wenzao. Ninakushauri ugawe maudhui badala ya kuwagawa watoto: zungumza na mwalimu ujue konsonanti nne ambazo hatazigusa kwa wiki sita zijazo, nusu ya darasa, iliyochaguliwa kwa kura, ijifunze mbili kati ya hizo kwenye kishikwambi, na nusu nyingine ijifunze mbili zilizobaki. Siku ya upimaji kila mtoto apimwe zote nne kwa kadi nyeupe. Kama programu inafundisha, kila kundi litakuwa bora katika herufi zake. Kama makundi yote yanafanana katika herufi zote, utakuwa umepata jibu, hata kama silo ulilolitaka.

Usiwaulize watoto kama wameipenda, au ukiuliza usilitegemee jibu. Mtafiti wa Uingereza Janet Read na wenzake walitengeneza mizani ya nyuso, kuanzia uso ulionuna hadi uso unaocheka, na wakaona kwamba watoto wadogo huchagua uso unaocheka zaidi karibu kila mara. Swali lililo bora zaidi ni lile wanaloliita la tena: mwonyeshe michezo mitatu na umuulize ni upi angependa kuurudia kesho.

Angalia pia kalenda. Ukianza Oktoba, korosho zinaanguka, na sehemu ya darasa itahamia mashambani na wazazi hadi msimu uishe. Watakaobaki darasani siku ya upimaji wa mwisho ni wale ambao wazazi wao wana shughuli nyingine, na matokeo yako yatakuwa ya watoto hao, ingawa utadhani ni ya darasa zima. Anza Januari au Februari, na uandike jina la kila asiyekuwepo.

Mwisho ni ruhusa. Furaha ya mwalimu mkuu haitoshi. Pitia ofisi ya Mkurugenzi wa Halmashauri upate kibali, itisha kikao cha wazazi uwaeleze kwa lugha wanayoielewa, na pata ridhaa ya kila mzazi kwa maandishi au kwa dole gumba. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaziweka taarifa zinazohusu watoto katika kundi la taarifa nyeti. Tumia namba badala ya majina ndani ya vishikwambi, na orodha inayounganisha namba na majina ibaki kwenye daftari lililofungiwa. Na mtoto akisema leo hataki, aachwe aende kucheza. Ridhaa ya mama yake haimlazimishi.

Ningependa pia anayepima asiwe wewe. Mwenye programu huwa anamsubiri mtoto wake sekunde mbili zaidi.

MamaAwali_Nachingwea alijibu:

Mtafiti, hapo mwisho sikubaliani nawe moja kwa moja. Mgeni akiingia na kumwita mtoto wa awali barazani, atapata ukimya, na ukimya huo ataandika kuwa ni kutojua. Nimeona watoto wanaosoma vizuri wakinyamaza kabisa mbele ya mgeni aliyevaa viatu vya kupendeza. Mpimaji awe mtu mwingine, sawa, lakini akae darasani siku tatu kwanza, aimbe nao, awafunge vifungo vya mashati. Na swali la kwanza liwe lile ambalo kila mtoto analiweza.

Mtafiti_Mikindani alijibu:

Nimekubali, Mama. Siku tatu ziingizwe kwenye mpango, na kadi mbili za mazoezi ambazo hazihesabiwi.

Sauti_Lindi alijibu:

Nimechelewa kuiona mada hii. Ninashughulika na kurekodi sauti kwa ajili ya vipindi vya redio na masomo, na ninaomba nizungumzie sikio, kwa sababu wachangiaji wote wamezungumzia jicho.

Kaka, jaribu jambo hili kabla ya kubadilisha mstari hata mmoja wa msimbo. Weka kishikwambi mezani darasani, watoto wakiwemo na kelele zao za kawaida, simama mwendo wa mkono mmoja na nusu, fumba macho, na mtu acheze "ma" na "na" kwa kuchanganya. Ukishindwa kuzitofautisha wewe mtu mzima uliyezaliwa na Kiswahili, mtoto hana kosa. Spika ndogo ya kishikwambi inapoteza sehemu kubwa ya kile kinachotofautisha m na n, na mvua ikinyesha juu ya bati hakuna kinachobaki. Ulianza na m na n zikifuatana, zitenganishe. Weka m na k kwanza, hata chini ya mvua hazifanani.

Usitumie sauti ya kompyuta. Nimesikiliza sauti nyingi za namna hiyo zikisoma Kiswahili, na karibu zote zinajikwaa kwenye m inayosimama peke yake. Katika neno "mto" ile m ni silabi kamili, ina pigo lake, na ndiyo inayobeba mkazo. Sauti ya kompyuta huimeza ikawa kitu kimoja na t. Kwa sababu hiyohiyo usimfundishe mtoto silabi ya "ma" ukiwa na picha ya mto, mti au mpira. Herufi anaiona, lakini mdomo haufanyi kazi ileile. Tumia maji, mama, meza, moto, mume. Vivyo hivyo ndege na ng'ombe zisiwe mifano ya n, na ndoo aliyoitaja Mama Mwalimu ningeisogeza hadi watakapofika kwenye nd.

Ukirekodi sauti ya herufi moja, jihadhari na irabu inayochungulia mwishoni. Watu wengi wakiombwa kutamka sauti ya k wanasema kitu kilicho katikati ya "ke" na "ku", na mtoto akiunganisha hicho na a hapati "ka". Kiswahili kinatuhurumia, kwa sababu silabi zetu karibu zote zinaishia na irabu na zinasomeka kama zilivyoandikwa; basi rekodi silabi nzima, na sauti ya konsonanti peke yake uiache kwa zile zinazoweza kuvutwa, kama m, s na f. Tafuta mwalimu wa kike wa hapohapo, ambaye watoto wanaifahamu lafudhi yake, funika dirisha kwa blanketi, na rekodi alfajiri kabla majogoo na pikipiki havijaanza.

Kuna la l na r pia. Watoto wengi wa kwetu, wale ambao nyumbani ni Kimakonde, Kimwera au Kiyao, wanafika shuleni bila kuzitenganisha sauti hizo mbili, na wengi wetu tumekua hivyohivyo bila kudhurika. Mtoto anaposikia "la" na kugusa "ra", programu inamwambia amekosa, ilhali kwa sikio lake hakukosa. Ukimwambia hivyo mara nyingi ataacha kuamini masikio yake. Ninaomba sana zisikutane kwenye kioo kimoja mwaka huu wa kwanza. Na kama kuna nafasi, kabla ya herufi zozote, wekea hadithi fupi za kusikiliza na kugusa picha, ili wale wanaoanza kukisikia Kiswahili cha darasani wapate mahali pa kusimama.

Mtengenezaji_Newala alijibu:

Nimekaa wiki tatu kimya kwa sababu nilitaka nirudi na kitu mkononi. Ninawashukuru nyote.

Nilianza na jaribio la kufumba macho. Tulikuwa watatu, mimi, mwalimu wa awali na mwalimu mkuu, na sote tulishindwa kutofautisha "ma" na "na" mara nyingi kuliko tulivyofaulu. Mwalimu mkuu aliomba turudie, akashindwa tena, kisha akakaa kimya kwa muda. Nimeondoa rangi, kadi zote sasa ni nyeupe na maandishi meusi. Mbuzi ameondoka. Mguso wa kwanza ndio unaohesabiwa, na sauti zote zimerekodiwa upya na mwalimu wa darasa, saa kumi na moja alfajiri, nyumbani kwake, tukiwa tumetundika mablanketi mawili.

Ngazi zimeporomoka. Watoto wengi wako kwenye ngazi ya pili au ya tatu, na mwalimu mkuu aliniuliza kwa nini nimeiharibu programu iliyokuwa nzuri. Nilimpa zile kadi za manila, nikamwomba aite watoto watatu yeye mwenyewe. Baada ya hapo tulikubaliana kumwomba Afisa Elimu Kata asubiri.

Mtoto aliyegeuza kadi nimekaa naye mara nne, nikiwa nyuma ya bega lake kama nilivyoelekezwa. Siku ya kwanza ya kadi nyeupe hakugusa chochote, alinitazama tu. Siku ya tatu aliweka kidole juu ya m, akavuta sauti kwa muda mrefu huku midomo imefungwa, akasogeza kidole kwenye a, akafungua mdomo. Kisha akafanya hivyohivyo kwa "mo", ambayo sikuwa nimemwonyesha bado, na akasoma sawasawa. "Ka" bado inamshinda.

Barua ya kuomba kibali nimeipeleka Halmashauri, na upimaji nimeupanga uanze Februari, kwa mpango wa kugawa herufi: p na s kwa kundi moja, f na d kwa lingine, kwa kuwa mwalimu amesema hatazifikia mapema. Mama, ninaomba orodha ya picha unazotumia darasani kwako. Na ndugu wa Lindi, ninaomba kujua kama p na f zinaweza kuchanganywa kwenye spika hizi ndogo. Kama zinaweza, nitabadilisha kabla ya kupiga kura ya makundi.

Sauti_Lindi alijibu:

F ndiyo ya kuitazama zaidi, maana pumzi yake inapotea kwanza. Ifanyie jaribio lilelile la kufumba macho, ukianza na "fa" na "sa". Ikikusumbua, weka g badala yake.